Mashine Ndiyo Inajua

Haya, jicho lipo! Ninyi mliokaa wiki nzima mkinitukana kwa kumwacha Bisibisi na chuma cha kulehemu kikifuka moshi mbele ya uso wake, punguzeni hasira. Jicho halijachomwa. Bado.

Na wewe uliyedandia leo, usihangaike, mambo yenyewe ni mafupi. Bisibisi ni fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye kibanda cha vioo ghorofa ya pili katika jengo la maduka. Jina hilo alipewa na wateja, maana bisibisi haimtoki nyuma ya sikio hata akienda msibani. Mdogo wake wa kiume, Waya, ni fundi wa kufunga kamera za usalama. Kamera alizofunga kwenye gereji moja ya mabasi zilinasa mauaji. Aliyeuawa ni dereva aliyetaka kusema hadharani kwamba mabasi yale hayana breki.

Picha zimehifadhiwa mtandaoni. Wenye gereji wanataka zifutwe, na wa kuzifuta ni mwenye neno la siri tu. Kwa hiyo wamemteka Waya, wamempiga mpaka wamechoka wao. Na kila wakimuuliza, jibu lake ni lile lile: "Silijui. Mashine ndiyo inajua."

Sasa wamekuja kwa dada mtu, wameleta laptopu ya Waya imejaa damu.

Chuma alikishika Kipara, mmoja wa vijana wa gereji. Kichwa cha Bisibisi kilikuwa kwenye makucha ya Jembe, jitu la miraba minne ambalo tangu liingie halijatoa neno. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa, ingawa nje ni mchana wa jua kali na watu wanapishana na mifuko yao.

"Tuanze la kushoto au la kulia?" Kipara akauliza. "Chagua mwenyewe. Mimi sina ubaguzi."

"Ukinipofua, kioo nitakisoma kwa nini? Kwa kupapasa?"

Kipara akasita. Jamani, hilo hakuwa amelifikiria! Akacheka kidogo, akakiondoa chuma machoni, akakituliza mkononi mwa Bisibisi, katikati ya kiwiko na kiganja. Ngozi ikalia chwaa. Bisibisi akapiga ukelele ambao hakujua kama anao.

"Hapo kioo unakiona vizuri?" Kipara akauliza.

"Nakiona! Nakiona!"

"Haya niambie. Mdogo wako anasema hajui paswedi yake mwenyewe. Mtu mzima, na akili zake, hajui paswedi yake. Mimi nina sura ya mtoto?"

"Hajui kweli! Watu wengi hawazijui zao. Unapofungua akaunti, kivinjari, hii programu ya kuingilia mtandaoni, kinakuuliza: nikutungie neno la siri? Ukikubali, kinatunga mlolongo wa herufi na namba usiotamkika, kinauhifadhi chenyewe. Siku nyingine ukirudi kinajaza chenyewe. Hata kuliona hujaliona. Mmempiga bure, washenzi nyie!"

Kwa neno hilo la mwisho Jembe akamgongesha uso mezani. Damu ikamtoka puani, ikatiririka juu ya meza na visikrubu vyake.

Mara mlango ukagongwa.

"Bisibisi! We Bisibisi! Mbona umefunga mchana kweupe? Nini hizo kelele?"

Alikuwa jirani yake, muuza viatu, mtu wa kimbelembele kupita kiasi. Kila siku Bisibisi humlaani kwa umbea wake, leo alitamani kumkumbatia. Akafungua mdomo apige kelele. Kipara akampachika kitambaa cha kufutia vioo.

Jembe akainua mlango kidogo, kiasi cha mtu kupita akiinama. Muuza viatu akainama kuchungulia. Goti la Jembe likamkuta hapo hapo usoni, akavutwa ndani akiwa hajui hata kilichompata. Walimpiga mateke ya mbavu mpaka sauti ikamkatika, wakamfunga mikono na miguu kwa nyaya za chaja na kumsukumia chini ya meza. Alikuwa anapumua, lakini kwa kukoroma.

Tumaini la Bisibisi likafia hapo. Akakitema kitambaa.

"Washa," Kipara akasema.

Akaiwasha laptopu. Ikafunguka moja kwa moja, bila kudai neno lolote. Moyo wa Bisibisi ukapiga paa.

"Nani kaigusa hii kabla yangu?"

"Fundi mmoja wa mtaani. Ilikuwa inadai paswedi ya kuwashia, na mdogo wako alikuwa amezimia kwa kipigo. Fundi akaivunjilia mbali, kitu cha mara moja tu. Mbona wewe unajivutavuta?"

Bisibisi akafungua kivinjari, akaingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka pale yanapotunzwa maneno ya siri. Alishajua atakachokuta. Hakukuwa na kitu. Peupe!

Msichoke, niwaeleze hapa kwa lugha ya nyumbani. Maneno yaliyohifadhiwa kwenye mashine yamefungwa, na ufunguo wake unatokana na lile neno la kuwashia. Ukilijua neno la kuwashia, unaingia na kila kitu kinasomeka. Lakini ukilivunja kwa nguvu kutoka nje, mashine itafunguka, utafurahi, ila yale ya ndani yanageuka makorokocho yasiyosomeka na mtu yeyote. Yule fundi wa mtaani alikuwa ameua kile kile walichokuwa wakikitafuta.

Bisibisi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akiwaambia ukweli, basi Waya hana faida tena kwao. Na watu hawa asiye na faida wanamlaza chini ya gurudumu.

Fikiri, mwanamke, akajiambia. Fikiri upesi.

Akamkumbuka mdogo wake na uzembe wake. Ni mara ngapi wamegombana! Waya alikuwa na tabia moja mbaya kazini: akikaa kwenye kompyuta ya mteja, anaingiza akaunti yake mwenyewe kwenye kivinjari ili asihangaike, akimaliza kazi anakusanya ngazi na nyaya zake anaondoka, bila kuitoa. Na akaunti ikishaingia mahali, maneno yote ya siri yanaifuata huko. "Ipo siku utaacha maisha yako kwenye meza ya mtu," Bisibisi alikuwa akimgombeza, naye Waya akicheka tu.

"Siku anawafungia kamera," akauliza, sauti ameituliza kwa nguvu zote, "alizipangia kwenye kompyuta gani?"

"Ya ofisini, mezani kwa Mzee, bosi wetu. Kwa nini?"

Bisibisi akainama, akajifanya anafuta damu ya pua, ili wasiuone uso wake. Ina maana wamekaa wakimvunja mdogo wake mbavu, na neno lenyewe liko hatua chache kutoka pale wanapompigia!

"Kwa sababu hii laptopu peke yake haitoshi," akadanganya. "Nataka vitu viwili. Ile kompyuta ya ofisini, na kidole cha Waya. Unaona hiki kidude hapa pembeni? Kinasoma kidole."

Uso wa Kipara ukachanua.

"Kidole tu? Si ungesema mapema!" Akaokota mezani koleo la kukatia nyaya, akalifungua na kulifunga. "Jembe, piga simu gereji. Waambie wakate. Kipi, dada? Gumba?"

Roho ikamruka Bisibisi.

"Kikikatwa hakisomi!" akapayuka. "Kinasoma joto, kinataka damu inayotembea. Mkikikata mnakuwa na nyama tu. Na mkikosea mara chache, mashine inajifunga jumla, hapo hata mimi sitawafaa."

Kipara akamkazia macho.

"Mbona una haraka ya kujibu?"

"Mbona na wewe una haraka ya kukata?"

Jembe akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika, cheko fupi la kukwaruza. Kipara akamgeukia kwa hasira, akalitupa koleo sakafuni.

"Twende," akasema. "Ukinichezea akili, nitaanza na yeye, wewe ukiwa unatazama."

Walimwacha muuza viatu chini ya meza, wakampitisha Bisibisi ngazi za nyuma, laptopu kwapani mwa Jembe, Kipara amemshika kiuno kama mtu na mkewe, kisu kimelala ubavuni mwake ndani ya koti. Walipishana na mama mmoja amebeba mtoto. Bisibisi akamtolea macho ya kuomba msaada. Mama akaona pua yenye damu, akamwona Kipara, akasonya akaendelea na safari yake. Alidhani ni ugomvi wa mume na mke, na hayo watu hawaingilii.

Gereji ilikuwa imefungwa. Mafundi walikuwa wamepewa mapumziko ya ghafla, wakaacha hata redio ikiimba yenyewe juu ya pipa la oili. Mabasi yalisimama kwenye jeki, mengine hayana matairi. Katikati kulikuwa na shimo lile la mafundi kuingia kukagua gari kwa chini, na juu yake limeegeshwa basi.

Sauti ikatoka shimoni.

"Dada? Ni wewe?"

Bisibisi akapiga magoti, akachungulia. Waya alikuwa amefungwa kwenye ngazi ya chuma, miguu imo kwenye maji machafu ya oili. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe. Meno ya mbele hayakuwepo. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda kila kimoja na njia yake. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na Bisibisi akamshukuru Mungu kwa kidole gumba cha mdogo wake.

"Nani kakuleta huku?" Waya akauliza kwa kigugumizi cha mdomo uliochanika.

"Wewe ndiye umenileta, mjinga wewe!" Machozi yakamtoka palepale, hakuyazuia. Mtoto huyu Bisibisi alimbeba mgongoni mama yao alipokwenda kibaruani. Ni yeye Bisibisi aliyemfundisha kukunja waya wake wa kwanza. "Nyamaza sasa. Usiongee kitu. Nimekuja kukuchukua."

"Niliwaambia silijui, dada. Wallahi niliwaambia."

"Najua. Nyamaza."

"Karibu, binti," ikasema sauti nyingine, ya upole.

Mzee wa Mabasi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono ya shati ameikunja vizuri, anajipangusa kwa taulo. Ni mtu msafi sana, huyu. Hata siku ya kuua alinawa kwanza. "Pole na mkono. Hawa vijana wangu hawana adabu na wageni. Tumalize hili jambo kila mtu arudi kwake."

Jembe akamkata Waya kamba za ngazini, akampandisha ofisini akimburuta kwa kola, akamkalisha kitini na kumfunga upya. Bisibisi akakaa mbele ya kompyuta ya Mzee. Aliiweka laptopu pembeni, akamwekesha Waya kidole gumba, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaguna, akatikisa kichwa. Yote maigizo. Kisha kwa mkono mwingine akafungua kivinjari kwenye kompyuta ya Mzee.

Kwenye kona ya juu, ndani ya kiduara kidogo, kulikuwa na picha ya Waya akitabasamu na meno yake yote.

Alikuwa humo. Hakuwahi kuitoa akaunti yake!

Bisibisi akashuka kwenye mipangilio kwa haraka. Orodha ndefu ikajitandaza: benki, barua pepe, michezo ya mpira, na pale katikati, kamera za gereji. Pembeni yake kulikuwa na vidoti vyeusi na alama ndogo ya jicho. Akaibonyeza ile alama. Mashine ikadai namba ya siri ya mwenyewe.

"Hapa ni kwako, mzee. Namba yako ya kuwashia."

Mzee akaja, akafunika kibodi kwa kiganja ili asionekane, akabonyeza. Vidoti vikayeyuka, neno likajitokeza: mlolongo wa herufi kubwa na ndogo, namba, alama za mshangao. Hakuna binadamu angelikariri.

"Unaona?" Waya akanong'ona. "Nilisema mimi."

Kipara akapiga makofi. Lakini Mzee hakufurahi. Alikuwa anaitazama kompyuta, kisha laptopu, kisha tena kompyuta, na shingo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Hii ni mashine yangu," akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee."

"Laptopu haijatoa kitu."

Uongo ulikuwa umemwishia Bisibisi.

"Kwa hiyo neno hili lilikuwa hapa. Tangu siku amefunga kamera. Juu ya meza yangu, mimi nakunywa chai mbele yake." Akamgeukia Kipara. "Na wewe ndiye uliyesimama hapo ukaniambia, tumpige tu, mzee, atasema. Nikakuuliza kama kuna njia nyingine. Ukasema hakuna."

"Mzee, mimi mambo ya kompyuta..."

Hakumaliza. Mzee alikuwa ameshachukua spana ya magurudumu iliyoegemezwa ukutani, ile ndefu ya kufungulia nati za basi, akampiga nayo gotini. Mfupa ukasikika. Kipara akaanguka akipiga mayowe, na katika kuanguka akachomoa kisu na kumchana Mzee mkono kuanzia kiwiko kushuka. Damu ikaruka ukutani, ikaingia kwenye kikombe. Jembe akarukia katikati. Kwa muda mfupi haikujulikana nani anampiga nani, ni viti kuvunjika, matusi ya nguoni na mtu kukoroma.

Hakuna aliyemtazama fundi.

Bisibisi akaingia kwenye ukurasa wa kamera. Vidole vyake vinaijua kazi. Akatafuta pale pa kubadilisha neno la siri. La zamani? Akalipachika. Jipya? Akaandika maneno yasiyopatana hata kidogo, yaliyomjia kichwani palepale. Rudia? Akarudia. Kivinjari kikamuuliza kwa heshima zote kama anataka kilihifadhi.

Akabonyeza hapana.

Alipogeuka, kelele zilikuwa zimekwisha. Kipara alikuwa amelala kifudifudi, koo limefunguliwa kwa kisu chake mwenyewe, miguu inarusharusha. Baadaye ikatulia. Jembe alisimama juu yake akihema. Mzee alikuwa anajifunga taulo mkononi.

"Samahani kwa vurugu," akasema. "Futa sasa."

"Haiwezekani."

"Unasemaje?"

"Nimelibadilisha neno. Hilo unaloliona hapo ni kopo tupu. Jipya liko kichwani mwangu tu, halijaandikwa popote." Bisibisi alishangaa kuisikia sauti yake, ilikuwa imekaza. "Mdogo wangu mmempiga kwa kitu asichokijua. Mimi ninakijua. Mwachieni. Atoke hapo getini, apande gari, afike mbali, anipigie simu. Hapo nitafuta mwenyewe, na mimi mtanifanya mnavyotaka."

"Dada, usifanye hivyo," Waya akasema.

"Nyamaza wewe!"

Mzee akasogea, akashika kipanya kwa mkono wake mzima. Akaichagua picha ya siku ile, akabonyeza kufuta. Kijisanduku kikajitokeza kikidai neno la siri. Akaandika lile la zamani. Kikakataa. Akarudia. Kikakataa tena.

"Kutazama tu ndiyo umebakiwa nako, mzee," Bisibisi akamwambia. "Kufuta mpaka uje kwangu."

Mlitegemea ampige, siyo? Hata yeye Bisibisi alitegemea hivyo, akajikaza. Lakini Mzee akavuta kiti, akakaa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajipangusa machozi.

"Kumbe dada mtu ana kichwa kuliko wanaume wote humu ndani. Hivi, binti, hii picha umeshaitazama?"

"Sijaitazama wala sitaki."

"Unataka kufa kwa ajili yake hujaitazama?"

"Mzee." Waya alikuwa ameanza kujinyonganyonga kwenye kamba. "Mzee, tafadhali. Tulikubaliana. Hilo tulikubaliana, mzee!"

Bisibisi akageuza shingo polepole.

"Mlikubaliana nini?"

Mzee akabonyeza, na picha ikaanza kucheza.

Haikuwa na sauti. Ilionyesha gereji ile ile, mchana. Dereva aliingia na kofia mkononi, mtu mfupi, mpana, anaongea huku akionyesha basi moja kwa kidole. Mzee alimsikiliza, akatikisa kichwa kama anayekubali, akaenda kunawa mikono. Alirudi na spana. Pigo la kwanza lilimpata dereva begani. Hakuanguka. Kipara akamkaba kwa nyuma, naye akampiga kiwiko, akajitoa, akarusha teke lililomwangusha Mzee mwenyewe. Alikuwa na nguvu, maskini, na alikuwa anashinda! Hatua chache zaidi angefika mlangoni.

Hapo akaingia mtu wa tatu. Alikuwa juu ya ngazi pembeni, akashuka, bunda la nyaya begani. Alisimama kidogo. Akamtazama Mzee pale chini. Mzee alimwambia kitu.

Yule kijana akazitua nyaya zake vizuri sakafuni, akajirusha, akamdaka dereva miguu yote miwili. Dereva akaanguka. Kijana hakuiachia. Aliikumbatia kifuani, amefumba macho, wakati spana inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka ile miguu ikaacha kumrusha. Na hata ilipoacha, bado aliishikilia.

Kisha akainua uso kuelekea kamera aliyoifunga mwenyewe. Alikuwa Waya.

Bisibisi akatapika pembeni ya kiti, mara moja, kwa nguvu.

"Alikuja baadaye kunitishia," Mzee akaeleza, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Akasema nikimgusa ataitoa hii picha, na kipande chake yeye atajua namna ya kukikata. Mimi vitisho sipendi. Ndiyo ikawa hivi. Akaniomba tu wewe usiione, nikakubali."

"Miguu tu, dada," Waya akasema. Alikuwa analia, machozi na damu vinachanganyika. "Nilishika miguu tu. Sikumpiga hata mara moja. Alisema nisiposhika, wa pili ni mimi. Ungefanyaje? Niambie, wewe ungefanyaje?"

"Alikuwa anarusha mateke ya mtu anayetaka kuishi, Waya."

"Ndiyo maana nataka ifutwe!"

"Hukutaka ifutwe. Uliitunza." Alimchukia wakati ule, na bado alitaka kumfuta damu usoni. "Ungeniambia. Ungekuja tu ukaniambia."

Mzee akasimama. Akaokota kisu kwenye damu ya Kipara, akakata kamba za Waya, moja moja, bila haraka. Halafu akachukua spana ya magurudumu, ikiwa bado inachuruzika, akamwekea Waya kwenye mkono wake wa kulia, ule mzima.

"Mimi leo nimechoka," akasema. "Sitamgusa dada yako hata kwa ukucha. Muulize wewe hilo neno. Ukilipata, picha inafutwa na wewe unakwenda nyumbani kwa miguu yako. Usipolipata, mnabaki wote. Jembe, simama mlangoni."

Jembe akasimama mlangoni.

Waya aliitazama spana. Akamtazama Mzee, aliyekuwa karibu yake kabisa, amempa kisogo, anatafuta mahali pa kunawa. Bisibisi alikiona kile kisogo. Aliona pia kwamba Waya amekiona. Mpige, akaomba moyoni. Mpige yeye, mdogo wangu, na mimi nitakusamehe yote, leo hii, mbele ya Mungu, nitasahau kila nilichokiona.

Waya akajipangusa jicho lililobaki kwa mgongo wa mkono. Akamgeukia dada yake.

"Sema tu, dada," akasema. "Tutarudi nyumbani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sema, basi. Nakuomba."

"Sisemi."

"Weka mkono mezani."

Sauti yake haikutetemeka. Hicho ndicho kilichomuua Bisibisi kabla ya spana yenyewe. Akamtafuta usoni yule mtoto aliyembeba mgongoni, akamtafuta sana, hakumpata. Basi akauweka mkono mezani mwenyewe, bila kushurutishwa, akavitandaza vidole vyake vya kazi kimoja kimoja.

"Kwanza tafuta mtu wa kunishika miguu," akamwambia.

Jembe akasogea. Waya akainua spana.